Mpishi wa Piza Aliyekatazwa Ngano

Vijana mliobaki pale Randburg mmeniomba niwaandikie kuhusu kazi, kwa kuwa nimestaafu na eti sasa nina nafasi. Nafasi ninayo, magoti ndiyo sina. Basi naandika nikiwa nimeyalaza juu ya kigoda, na mtaniwia radhi nisipozungumzia nani alipandishwa cheo na nani alipewa ile beji ya mhudumu bora wa mwezi. Beji hiyo niliipata mara moja, ikanitoboa blauzi.

Tuanze na ukweli ambao wateja hawakupenda kuusikia. Mkahawa wetu ulikuwa wa Kitaliano, mmoja kati ya mingi yenye jina lile lile, kila mmoja ndani ya jengo la maduka, kila mmoja na vitambaa vya meza vya miraba myekundu. Mpishi wa piza alitoka Likasi, Kongo. Mpishi wa tambi alitoka Limpopo. Mimi nimetoka Tanga. Mtaliano pekee alikuwa yule mzee wa masharubu aliyechorwa ukutani, na hata yeye alichorwa na kijana wa Boksburg ambaye alikuwa hajafika hata Durban. Siku za mwanzo wateja wakiniaga kwa "chao", kwaheri ya Kitaliano, nilikuwa nageuka kutazama mezani wamesahau kitu gani chao.

Nilianza mwaka 2015, katika umri ambao watu wenye akili huanza kukaa chini. Duka la vitambaa la Fordsburg nililofanyia kazi tangu nifike nchi hii lilifungwa, mwenyewe akawafuata wanawe ng'ambo, nami nikabaki na ujuzi wa kupima mita kwa macho. Ujuzi huo hauna kazi kubwa kwenye tambi. Meneja wetu, Deon, kijana mrefu aliyeonekana kila wakati kama mtu aliyesahau funguo ndani ya gari, alinitazama juu mpaka chini akaniuliza kama naweza kusimama kutwa. Nikamwambia nimesimama maisha yangu yote. Akanikabidhi aproni na Precious.

Precious alikuwa mhudumu mkongwe, mwanamke wa Soweto mwenye mikono ya mchukuzi na sauti ya kwaya. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi, nanyi mnaojiona mnaijua, mliijua kupitia yeye. "Mama," aliniambia, "sahani ya kwanza ishike kama unavyoshika mkono wa mtoto mtukutu barabarani. Ya pili ilaze juu ya kifundo cha mkono. Ya tatu usiifikirie." Mimi niliifikiria. Tambi za kuku zikamwagikia viatu vya bwana mmoja aliyekuwa anamposa mwenzake, au anamwacha, sikupata kujua. Precious akaninong'oneza, "Omba samahani mara moja tu. Ukiomba mara mbili, atataka chakula cha bure." Hilo ni somo. Jingine ni viatu: nunueni vile vyeusi vya manesi. Vibaya kama dhambi, lakini nyayo zitawashukuru.

Mimi ni Mwislamu, na menyu yetu ilijaa nguruwe aliyepewa majina mazuri ya kigeni. Tukapatana na Precious: yeye abebe nguruwe na mvinyo wa meza zangu, mimi nichukue meza zake zenye watoto. Deon alipogundua alicheka, akasema nimepunjwa. Alisema kweli. Nguruwe aliyekwisha kupikwa hakurushii tambi.

Sasa nije kwa Papa Kalonda, maana wengi wenu mmemkuta akiwa mtu mwingine kabisa.

Tanuri la kuni lilikuwa mbele, mahali ambapo wateja wote wangeliona, na Papa Kalonda alisimama mbele yake kama imamu mbele ya safu. Kazi aliifundishwa na mzee mmoja wa Kireno kusini mwa jiji, na hakutaka mtu mwingine aguse donge lake la unga. Unga ulioumuka hakuusukuma kwa kijiti hata siku moja. Aliutandaza kwa ncha za vidole kutoka katikati kwenda pembeni, akaurusha juu, akaupokea kwa ngumi mbili, na wingu la unga likamshukia kichwani na mabegani. Kupima moto alitupa konzi ndogo ya unga kwenye sakafu ya tanuri: ukiungua papo hapo, subiri; ukibadilika rangi taratibu, tia piza. Kipimajoto kilichonunuliwa na kampuni alikitumia kuzuia mlango usijifunge.

Tulikuwa wawili tu tuliosema Kiswahili pale, na Kiswahili chake na changu ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Yeye alisema "bantu", mimi nikamwambia ni "watu". Alisema "njo", nikamwambia ni "ndiyo". Alinijibu kwamba Kiswahili changu ni cha redioni, hakifai kwa kugombana. Kila mchana, wateja wa chakula cha mchana wakipungua, tulikaa nyuma juu ya makreti ya soda, tukanywa chai yangu ya tangawizi kutoka kwenye chupa niliyokuja nayo nyumbani. Yeye alikula kingo za piza zilizobaki, kwa kuwa zilikuwa bure. Mimi nilimsikiliza akiwalaani wateja. Nimewahi kuwa na ndoa iliyokuwa na raha ndogo kuliko hiyo.

Kisha likaja jani.

Deon alitukusanya asubuhi moja kabla ya kufungua, akatuonyesha menyu mpya kutoka makao makuu. Pembeni ya baadhi ya vyakula palichorwa jani dogo, kama la mchaichai lililokauka. "Hii maana yake haina gluteni," akasema. Precious akauliza gluteni ni nini. Deon akafikiri. "Ni kitu kilichomo kwenye ngano," akajibu, "ambacho watu hawakitaki tena."

Papa Kalonda akanigeukia. "Mama Zaina, hii bantu banatuchezea. Mutu anakuya kwa piza, hataki ngano! Kesho ataenda kwa bucha, hataki nyama."

Wakaja kweli. Alikuja mama aliyeagiza piza bila gluteni, akaishushia kwa bia mbili, na bia ni shayiri, na shayiri ina gluteni kama ngano tu. Alikuja bwana wa mazoezi ya viungo aliyeniuliza kama maji yetu yana gluteni. Nikamwambia ya bomba hayana, ya chupa sina uhakika. Akanywa ya bomba. Alikuja binti aliyenieleza kwa huruma jinsi ngano inavyoua taratibu, huku akimega mkate wa kitunguu saumu wa mpenzi wake. Siwalaumu. Watu wa mji huu wana hofu nyingi za kweli, na hii ilikuwa hofu ndogo, unaweza kuiagiza na saladi.

Piza yenyewe ya bila gluteni ilikuja imegandishwa kwenye boksi, ngumu kama kifuniko cha ndoo. Papa Kalonda aliitoa kwa vidole viwili, kama mtu anayeondoa panya aliyekufa, akaiweka kwenye meza ile ile yenye unga, kwa bao lile lile la kuingizia piza, ndani ya tanuri lile lile. "Tayari," alisema. "Piza bila piza."

Sijui hasa alianza lini kukonda. Kwanza ilikuwa mkanda wa suruali uliotobolewa tundu jipya kwa msumari. Halafu vidonda vya mdomoni, halafu safari za haraka chooni katikati ya kazi, piza ikiungua na wateja wakimwangalia Deon. Shavu likaingia ndani. Mtu aliyekuwa akirusha donge mpaka karibu na taa sasa alilirusha kidogo tu, kwa heshima.

Kila mtu akawa daktari. Waosha vyombo wakaanza kutenga kikombe chake. Precious, ambaye hakuwa na muda wa minong'ono, akamwambia wazi aende kupima damu, na alipokwenda na kukutwa hana kitu, akamrudisha tena baada ya miezi, tena hana kitu. Akanywa dawa ya minyoo mpaka nikaihurumia minyoo. Mchungaji wa kanisa lake akafunga na kuomba, akaona katika maono mwanamke wa makamo mwenye wivu. Wanawake wa makamo wenye wivu duniani ni wengi, lakini mchungaji hakutoa jina.

Mwisho wa mwaka Papa Kalonda akaenda likizo kwao Likasi, akakaa kwa mama mkwe wake shambani, akila bukari, ambayo ni ugali wao wa mahindi, kwa sombe, yaani kisamvu, na samaki. Akarudi amenenepa, ana mashavu, anaimba. Sote tukashangilia. Kabla mvua hazijaisha, alikuwa amekonda tena kuliko mwanzo.

Hapo ndipo hesabu ilipopigwa. Kwao anapona, hapa anaugua. Basi mchawi yuko hapa. Hapa wapi? Kazini. Nani kazini ni mwanamke wa makamo? Nani anampa kitu cha kunywa kila siku kutoka kwenye chupa yake mwenyewe? Na nani, jamani, ametoka Tanga?

Mnaijua sifa ya kwetu. Mtu wa Tanga akienda ugenini, majini yake yamekwisha kumtangulia na kupanga chumba. Nimetaniwa kwa jambo hilo maisha yangu yote na sikuwahi kukasirika, kwa kuwa lilinisaidia kupata nafasi ya kukaa kwenye teksi. Lakini mchana mmoja nilimimina chai, nikamnyooshea kikombe Papa Kalonda, na yeye akatazama kikombe, kisha akanitazama mimi.

"Leo hapana, Mama," akasema. "Tumbo."

Kesho yake ikawa tumbo tena. Kesho kutwa alikaa kwenye kreti la mbali, karibu na mitungi ya gesi, akaweka simu sikioni na kuzungumza na mtu ambaye nadhani hakuwepo. Nikanywa chai yangu peke yangu. Niwaambie kitu: nimeishi nchi hii kwa vibali vya kuhesabu miezi, nimeambiwa na watu barabarani nirudi nilikotoka, na hakuna kilichoniuma kama lile kreti la mbali. Nilifanya walivyofanya wanawake wote wa ukoo wetu wakiumia. Nilinyamaza, nikawa mwema kupita kiasi.

Wakati huo ndipo Bi Margaret alipoanza kuja. Alikuwa mzee wa kizungu kutoka Kensington, mwembamba, aliyevaa koti la sufu hata jua likiwaka, na alikuja Randburg kumwona bintiye aliyefanya kazi ofisi za jirani. Bintiye alichagua mkahawa wetu kwa sababu ya lile jani. Bi Margaret akaliwekea kidole.

"Hili jani," akaniuliza, "maana yake nini jikoni?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Wengine waliuliza kama ni tamu. Nikamwita Deon, na Deon, aliyelipenda jani lake, akamchukua yule mzee mpaka kwenye tanuri ili ajionee. Papa Kalonda alikuwa anarusha donge. Wingu la unga likapanda, likatulia juu ya meza, juu ya bao, juu ya boksi la piza bila gluteni lililokuwa wazi pembeni, na kidogo juu ya koti la Bi Margaret. Yeye akalikung'uta kwa adabu.

"Asante sana," akamwambia Deon. "Nitakula kiazi."

Nilipompelekea kiazi chake cha kuoka alinieleza, bila kulalamika, kwamba kwake yeye si mtindo. Ni ugonjwa, unaitwa siliaki. Chembe ya ngano ikiingia, utumbo wake unajishambulia wenyewe, naye analala kitandani siku kadhaa. Aliugua tangu ujanani, madaktari wakamwambia ni wasiwasi, mume wake akamwambia ni wasiwasi, mpaka akabaki mifupa. Kisha akashusha uma.

"Yule bwana wa tanuri," akasema, "anaumwa nini?"

Nikamwambia hatujui. Sikumwambia kwamba wenzangu wanaona wanajua, na kwamba jibu limesimama mbele yake limeshika pilipili ya kusaga.

"Nilikuwa hivyo hivyo," akasema. "Mashavu yale, na kujishika tumbo vile. Nisingependa kujifanya daktari. Lakini hebu muulize: akikaa bila kula mkate, anakuwaje?"

Nilisimama pale na kinu cha pilipili, nikimwona Papa Kalonda akirudi kutoka Likasi na mashavu yake ya bukari. Nikajua la kumwambia. Tatizo lilikuwa ni nani atakayelisema. Ujumbe mzuri kama huo ukitoka kinywani mwa mchawi ni sehemu ya uchawi.

Nikampa Precious aupeleke. Precious akaupeleka kwa sauti ya kwaya, jiko zima likausikia. Papa Kalonda akacheka mpaka akakohoa.

"Ile ni ugonjwa ya bazungu," akasema. "Mi natengeneza piza miaka yote hii. Samaki anaweza kuogopa maji?" Kisha, bila kunitazama, "Na nani amekutuma?"

Ikaishia hapo, mpaka Siku ya Akina Mama.

Ninyi mnaijua Jumapili hiyo ya mwezi wa tano. Familia ambazo hazijazungumza tangu Krismasi huja pamoja ili zisizungumze mezani kwetu. Foleni ilifika kwenye duka la viatu. Tanuri lilikuwa limejaa, na Papa Kalonda alikuwa anatoa piza kwa lile bao refu la mbao, nilipomwona akisimama ghafla kama mtu aliyeitwa jina. Bao likateleza. Akashuka chini taratibu, mgongo ukisugua matofali ya tanuri, akakaa sakafuni kwenye unga, macho yamegeuka.

Watu wakasimama. Wengine wakatoa simu kupiga picha. Mama mmoja wa meza yangu akaniuliza kama hii itachelewesha lasanya yake. Nikaweka sahani tatu mahali popote, nadhani mojawapo niliiweka kwenye kiti, nikaenda kupiga magoti kwenye unga. Nikakishika kichwa chake. Kilikuwa chepesi, na kimelowa jasho baridi.

Akafungua macho, akaniona mimi, na nikaona hofu. Hofu ya kweli, ya mtoto. Akajaribu kunisukuma kwa mkono usio na nguvu.

"Mama Zaina, niache," akasema. "Nakuomba, niache. Niko na batoto."

Jamani. Nilikuwa nimenyamaza kwa miezi mingi, na nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya heshima kwa siku nitakayosema. Hayakuja hata moja.

"Kalonda," nikamwambia, "ningekuwa mchawi, ningekuloga Jumanne, siku ambayo hatuna wateja! Unaona ile foleni? Unadhani nimejitakia hii?"

Akanitazama. Midomo yake yenye vidonda ikatetemeka, nikadhani anazimia tena. Alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, machozi yakachora mistari kwenye unga wa usoni, na mimi nikajikuta nalia na kucheka, huku Precious akiwaambia wenye simu wakae chini la sivyo atawakalisha.

"Nenda hospitali," nikamwambia. "Mwambie daktari habari ya ngano. Akisema si hiyo, rudi uniite mchawi mbele ya watu wote, nami nitaitika."

Deon akampakia kwenye gari lake mwenyewe, na namsifu kwa hilo, maana alikuwa mtu anayekipenda kiti cha gari lake. Hospitali ya serikali ilikuwa na foleni kuliko yetu. Wakamwongezea maji mwilini, wakamwambia damu imepungua. Papa Kalonda, kwa aibu kama mtu anayeungama, akamwambia daktari kijana kwamba kuna mteja mmoja wa kiazi amesema jambo. Daktari hakucheka. Akaagiza vipimo vya damu, na baada ya wiki kadhaa akamwekea kamera kooni ikashuka mpaka utumboni. Na msikilize hili: walimwambia aendelee kula mkate mpaka kamera ipite, la sivyo majibu yatadanganya. Nimeona watu wakila sumu kwa kutojua. Huyu aliila kwa maagizo ya daktari, kila asubuhi, vipande viwili, akiniangalia.

Siku majibu yalipotoka alikuja kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa juu ya kreti langu. Akasimama, akavua kofia.

"Ile ugonjwa ya bazungu," akasema, "njo yangu."

Nikamwambia pole.

"Mama, nilikuwaza mubaya. Bantu balisema, na mi nilisikiya."

"Najua."

"Iko chai?"

"Ya mchawi?"

"Ya mchawi," akasema, akavuta kreti akalisogeza karibu. Akanywa vikombe viwili, na tukazungumza habari ya bei ya samaki.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Ninyi hamjui makao makuu.

Mpishi wa piza asiyeweza kula ngano, na aliyeambiwa na daktari asiivute hata puani, hakuwemo kwenye kanuni zao. Alikuja bwana mmoja kutoka makao makuu, Sandton, mwenye soksi za rangi ya chungwa, akaketi na Papa Kalonda chini ya yule Mtaliano wa ukutani. Akamwambia kampuni inajali. Kwa kuwa inajali, itamhamishia kwenye kuosha vyombo. Papa Kalonda akauliza nani atashika tanuri. Akaambiwa kijana mpya, na kwamba yeye atamfundisha kabla ya kwenda kwenye karai. Kampuni ilikuwa na jani kwa mgeni yeyote anayeingia mlangoni na hofu yake, lakini kwa mtu aliyewapikia miaka yote hiyo ilikuwa na karai na sabuni.

Aliingia kwenye vyombo. Bukari ikamrudishia mashavu, karai likamwondolea sauti. Alisugua masufuria akiwa amelipa mgongo tanuri, na donge la kijana mpya likianguka sakafuni hakugeuka.

Ni Precious aliyeanza, si mimi, msije mkanisifu bure. Mteja alimuuliza kama piza ya jani ni salama, naye akajibu, "Bwana, jani ni pambo. Unga unaruka jiko zima. Ukiumwa kweli, kula kiazi." Nikamsikia, nikasema hivyo hivyo kwenye meza yangu. Mwisho wa wiki wahudumu wote walikuwa wanasema hivyo. Hatukugoma na hatukupiga kelele. Tulisema kweli tu, kwa tabasamu, tukamimina maji. Hakuna kitu kinachoitia kampuni kiwewe kama mfanyakazi mwenye adabu anayesema kweli.

Wale wa mtindo wakakasirika, kwa sababu wao walitaka jani na si maelezo. Wale wa kweli wakatushukuru, wakaondoka. Bi Margaret akaandika makao makuu kwa kile Kiingereza chake cha kukung'uta koti kwa adabu. Deon akatuita ofisini, akafunga mlango, akaketi, akasugua macho.

"Mnataka nini?" akauliza.

"Mlango," nikamwambia. "Kile chumba tunachowekea maputo na mapambo ya sherehe. Tanuri dogo la umeme, meza yake, bao lake, mlango unaofungwa. Na mtu anayejua kwa nini mlango unafungwa."

"Makao makuu watasema ni ghali."

"Basi watoe jani," akasema Precious.

Ilichukua muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka, na nadhani kilichowashawishi si sisi bali mkahawa jirani uliotangaza kitu kama hicho. Sijali. Maputo yalihamishwa, na Papa Kalonda akaingia chumbani mwake na aproni mpya. Donge la unga wa mchele na muhogo lilimtesa. Halirushwi. Linapasuka, linanata, halina shukrani. Alilitukana kwa lugha nne, akaanza kulikanda kwa maji ya uvuguvugu na mafuta, na kidogo kidogo likaacha kuwa kifuniko cha ndoo. Bi Margaret alikula piza yake ya kwanza tangu ujanani, meza ya dirishani, polepole. Akaacha ukingo mmoja kwenye sahani. Nikamuuliza kama umeungua. Akasema hapana, anataka kuutazama kidogo kwanza.

Tabia ya Papa Kalonda haikuwa njema zaidi. Iligeuka upande mwingine tu. Sasa aliwalaani wanaoingia chumbani kwake na makombo kwenye mikono, na siku moja alimfukuza Deon kwa sababu ya biskuti.

Nilistaafu mwaka 2019. Asubuhi ya siku yangu ya mwisho, kabla ya kufungua, umeme ulikuwa umekatwa kwa zamu na tulikuwa tumekaa kwenye mwanga wa mlangoni. Precious alitoa hotuba fupi ambayo sitaiandika, kwa kuwa ina mambo ya viatu vya yule bwana wa tambi. Kisha Papa Kalonda akatoka chumbani na keki. Hakuwahi kupika keki maishani mwake. Aliitengeneza alfajiri kwa unga wake wa mchele ili na yeye aweze kula pamoja nasi, akaipaka sukari nyeupe, akaandika juu yake MAMA ZAIN, kwa kuwa A ya mwisho haikupata nafasi.

Tukakatiwa. Nimekula vitu vingi kwa ajili ya adabu, lakini ile keki ilikuwa mchanga wa Pangani uliotiwa sukari. Ilikauka mdomoni, ikagoma kwenda mbele, ikagoma kurudi. Precious alikuwa anatazama dari. Deon alimeza kama mtu anayekula kidonge. Na Papa Kalonda alisimama katikati yetu, mashavu yake yamejaa, sahani mkononi, akila kwa raha na kututazama mmoja mmoja.

"Iko namna gani, Mama?" akaniuliza.

Nikameza. Nikamnyooshea sahani yangu.

"Nikatie kingine," nikasema.